Leo si Jumapili

Mtu anayerudi nyumbani bila kutoa taarifa huwa ameshaiona sherehe nzima kichwani kabla hajafunga sanduku. Dada alikuwa ameiona mara mia, akiwa anakunja mashuka kazini, akiwa kwenye foleni ya pasipoti, akiwa ndani ya ndege huku abiria wa pembeni amemlalia begani. Atagonga. Mama atauliza nani, yeye atanyamaza. Mama atakuja anafoka, atafungua, kisha atapiga yowe mpaka majirani watoke na miiko mikononi. Kwa miaka sita alikuwa akilisubiri yowe hilo. Basi aliposhuka kwenye teksi saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu, akalipandisha sanduku kwenye zile ngazi tano za mbele na kugonga mlango wa kwao, moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi.

"Nani?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, tena si ya mdogo wake. Dada alinyamaza kama alivyopanga, maana hakuwa na mpango mwingine.

Mlango ulifunguliwa na mtu mwembamba aliyevaa kaptura na fulana ya ndani, kalamu nyekundu imekaa sikioni. Nyuma yake palikuwa na meza iliyojaa madaftari, na nyuma ya madaftari, kochi la mama na vitambaa vyake vyeupe, lile lile analoliona kwenye simu kila wiki. Yule mtu alimtazama Dada, akatazama sanduku, akamtazama Dada tena. Uso ukamshuka.

"Mbona leo?" alisema. "Leo si Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

Hapo yule mtu aling'amua kwamba ameropoka. Aliitoa kalamu sikioni, akairudisha pale pale. "Samahani, ulikuwa unamtafuta nani?"

"Hapa ni kwetu. Mama yangu yuko wapi?"

"Mama hayupo."

Dada akashika fremu ya mlango. Yule mtu alipoona jinsi neno lake lilivyoingia, akaanza kupunga mikono yote miwili. "Hapana, hapana! Mzima, dada yangu, mzima kabisa! Hayupo hapa tu. Hapa naishi mimi. Nafundisha shule ya hapo chini."

"Unaishi hapa tangu lini?"

"Hayo naomba ukaongee na kinyozi."

Kinyozi ndiye mdogo wake Dada, mtoto wa mwisho wa mama, na ndiye aliyeachiwa mama na nyumba siku Dada alipoondoka. Dada hakuwa na haraka ya kwenda kwake. Aliingiza mguu mmoja ndani.

"Jumapili iliyopita nimeongea na mama, amekaa kwenye kochi hilo hapo. Amecheka mpaka akatoa machozi. Wewe ulikuwa wapi?"

Mwalimu alitazama vidole vyake vya miguu. "Jikoni."

"Jikoni unafanya nini?"

"Nasubiri mmalize." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu na aliona ameshafika mbali, akaongeza, "Sauti yako naijua vizuri. Kuna siku nilipiga chafya, wakakwambia ni jirani. Nilikuwa mimi. Unisamehe."

Basi yakatoka yote, au yote aliyokuwa nayo. Kila Jumapili saa nane kinyozi na mkewe hufika na gari la kuazima. Mwalimu huondoa madaftari, huficha viatu vyake, huingia jikoni na kujifungia kabla mama hajaingizwa. Akija kutoka, mama ameshaondolewa. Kwa usumbufu huo hupunguziwa kodi kidogo.

"Na kwa nini ujifungie?"

"Kinyozi anasema mama hapendi kutazamwa."

Hilo ndilo lililomtia Dada shaka kuliko yote. Mama yake alikuwa mwanamke wa kushinda kizingitini mchana kutwa, anatazama na kutazamwa, na asiyemsalimia anaitwa arudi. Dada alinyoosha shingo mpaka akakiona chumba cha mama. Kwenye msumari wa magauni ya mama ilining'inia suruali ya mwalimu. Ameiuza nyumba, aliwaza. Ameiuza, amemficha mama mahali, na kila Jumapili anamtoa nusu saa kama kombe la ubingwa, halafu anamrudisha kabatini.

Haki ya kukasirika alikuwa nayo, ingawa si yote. Kwao walijua yuko mapokezi kwenye hoteli kubwa. Mashuka alikunja kweli, lakini hoteli haikuwepo. Ilikuwepo nyumba ya kutunzia wazee, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha na kuwabadilisha nguo. Mwaka wa kwanza alisema hoteli ili mama asiumie moyo. Miaka iliyofuata akawa hana namna ya kutoka humo hotelini.

Mwalimu alijitolea kumtunzia sanduku. Dada alimkata jicho. "Na usimpigie simu."

"Sipigi," alisema Mwalimu, na akapiga kabla Dada hajafika kwenye kona.

Siku mbili kabla ya sikukuu kinyozi hana hata muda wa kupiga miayo. Watu sita walikuwa kwenye benchi na wa saba kwenye kiti, muuza nyama mwenye shingo nene, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado. Mashine ilikuwa inalia, redio inalia, na simu chini ya taulo inalia bila mtu kuisikia. Kinyozi aliinua macho akamwona dada yake ndani ya kioo, na sanduku, na vumbi mpaka magotini. Mkono ulimponyoka. Mashine ikachora njia juu ya sikio la muuza nyama, njia ambayo hakuiomba.

Hakusema karibu, wala shikamoo. Alisema, "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

Kinyozi alizima mashine. Akili ilimrudia, lakini ilirudi na swali baya zaidi. "Umefukuzwa kazi?"

"Mkaribishe kwanza mtu," alisema mmoja kwenye benchi.

"Mama yuko wapi?" Dada aliuliza.

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani ndiko nilikotoka. Nimemkuta mwalimu wako na kaptura."

Hakuna aliyecheka. Dada aliwatazama watu wa benchi kupitia kioo. Mmoja alianza kusoma gazeti la mwezi uliopita, mwingine akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Walijua. Mtaa mzima ulijua habari za mama yake isipokuwa yeye, aliyekuwa akipiga simu kila wiki na kuulizia hali ya kila mmoja wao kwa zamu. Aliona aibu kama mtu aliyezunguka mjini kutwa na gauni limepasuka nyuma.

"Na nyinyi mnajua," alisema.

"Sisi tumekuja kunyoa tu, dada," alijibu yule wa gazeti.

Dada akamgeukia mdogo wake. "Nyumba umeiuza?"

"Si hapa, dada."

"Hapa hapa."

"Sijauza. Nimepangisha. Mama yuko kwangu, anakula, analala, hana shida yoyote. Ngoja nimalize kichwa hiki twende wote."

"Ndiyo, kimalize," alisema muuza nyama, akipapasa juu ya sikio. "Mambo ya familia yana sikukuu nyingi. Mimi nina hii moja."

Kinyozi alikimaliza kichwa kile kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja yeyote tangu afungue duka lake la kunyolea. Alirudia nyuma, alirudia pembeni, akapuliza, akapaka poda, akafuta poda. Dada alipewa kiti akakikataa, akasimama mlangoni na sanduku lake ili kila apitaye aone. Katikati ya kupaka poda kinyozi aligeuka kama anayetafuta wembe, akamwandikia mkewe: Dada kaja. Mkalishe mama kwenye kiti. Aliamini dakika ishirini zingetosha.

Njiani kinyozi alilivuta sanduku, ambalo gurudumu moja lilikuwa limegoma, na kichwani aliwapanga washukiwa. Mwalimu? Mwalimu ni mwoga. Basi ni mke wangu, aliwaza. Mwezi uliopita walipogombana mkewe alisema ipo siku atampigia huyo dada yao amwambie yote. Kumbe ameshampigia. Dada naye alitembea hatua mbili nyuma yake, akimwangalia kisogo, akijiuliza lini mdogo wake alijifunza kusema uongo vizuri hivi.

Kumkalisha mama ilikuwa kazi ya watu wawili, mke wa kinyozi na jirani yake wa ukuta mmoja. Mmoja hushika kwapa la kulia, mwingine la kushoto, wakavuta. Kinyozi alimbeba siku za Jumapili tu, kumtia garini na kumpandisha zile ngazi, na hata hapo mama hufumba macho mpaka yaishe. Mwanamke hashikwi-shikwi na mtoto wake wa kiume, alisema mama, na siku nyingine zote hakumruhusu. Leo jirani alikuwa ameenda sokoni.

Mke wa kinyozi aliusoma ujumbe akiwa na kitunguu mkononi, na wazo lake la kwanza halikuwa mama. Kwa hiyo alijua dada yake anakuja, aliwaza, akanificha mimi.

Akaingia chumbani. "Mama, binti yako yuko njiani."

"Binti yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Mama alikuwa amelala chali, shuka hadi kifuani. Alilisukuma shuka pembeni. "Niinue."

"Tungoje jirani arudi."

"Niinue, nimesema. Hanikuti nimelala."

Mke wa kinyozi alizunguka nyuma yake, akapitisha mikono kwapani, akavuta. Mgongo wake mwenyewe ulitoa mlio. Kiti kilikuwa cha plastiki na sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Miguu ya kiti ikateleza, na mama akashuka taratibu kati ya kitanda na kiti, bila kishindo, mpaka akakaa sakafuni na mguu wa kushoto umejikunja vibaya chini yake. Wote wawili walibaki wanatazamana. Hapo mlango wa chumba ukagongwa.

Mke wa kinyozi alirusha mkono, akasukuma komeo. "Anaoga!"

"Anaoga," kinyozi alirudia huku nje, kama vile dada yake hajasikia.

"Anaogea chumbani?"

"Siku hizi anaogea chumbani." Hilo angalau lilikuwa kweli.

Dada aliweka kiganja kwenye mlango. "Mama. Ni mimi."

Sauti ya mama ilitoka nzito, isiyo na machozi wala furaha. "Usifungue."

"Mama, ni mimi, nimekuja."

"Najua ni wewe. Namwambia mke wa mdogo wako asifungue." Akahema. "Wamekufukuza?"

"Sijafukuzwa! Kwa nini kila mtu ananifukuza? Nina likizo. Siku kumi na nne. Nilitaka nikufurahishe."

"Nimefurahi. Sasa nenda kapumzike, uje Jumapili."

Dada aligeuka akamtazama mdogo wake, na kinyozi akatazama ukuta. Dada alimchukia wakati ule. Alikichukia kizibao chake chenye nywele za watu, na ile poda iliyobaki kwenye vidole. Wamemfanya nini mama hata aogope kuniona? Wamemtisha? Wamempiga? Alishainua ngumi kuugonga mlango kwa nguvu zote, lakini ngumi ikabaki hewani, kwa sababu mama alihema tena na safari hii Dada alisikia pumzi inatokea wapi.

Ilitokea chini. Mtu aliyekaa kwenye kiti sauti yake hupita katikati ya mlango. Aliyelala kitandani, hivyo hivyo. Hii ilipita kwenye upenyo wa chini, sambamba na sakafu. Miaka sita aliitwa na sauti za namna hiyo kutoka vyumbani, zote zikisema hakuna tatizo, usiingie, niko sawa.

"Mama, umeanguka," alisema.

Akachutama karibu na upenyo.

"Wifi." Sauti yake ilibadilika mpaka kinyozi akamgeukia. "Usimvute. Umesikia? Usimshike kwapani, usimguse kabisa. Fungua mlango."

Komeo likarudi nyuma.

Dada hakumkumbatia mama. Baadaye hilo lilimuuma, lakini mikono ilitangulia mbele ya moyo. Alipiga magoti, akamshika mama kifundo cha mkono, akauliza panauma wapi, panauma zaidi au kama siku zote, kichwa kimegonga, miguu yote anaisikia. Mama alijibu kwa ufupi, ameangalia pembeni kama anayehojiwa na polisi. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na Dada alipouona hakuuliza. Aliunyoosha polepole, akasubiri pumzi ya mama itulie.

Akaagiza kigoda, akaagiza shuka. Shuka alilikunja upana wa viganja viwili, akalipitisha nyuma ya makalio ya mama kama mkanda, ncha moja akampa wifi yake, nyingine akashika mwenyewe. "Hatuvuti mkono, hatuvuti kwapa. Tunashika shuka. Mama, usinishike shingo, shika hapa kwenye mkono wangu. Kunja mguu mzima, huu wa kulia. Sasa inama mbele kama unataka kunusa vidole vyako. Usiogope, huanguki, unainama tu. Moja, mbili."

Mama akawa juu ya kigoda. Walipumzika. Kwa namna ile ile wakamtoa kwenye kigoda mpaka kitandani, na mke wa kinyozi, ambaye kwa miaka miwili alizoea kusikia mgongo wake ukilia, alibaki ameshika ncha ya shuka na kuikodolea macho.

Mama aliweka sawa gauni lake. Hapo ndipo alipomtazama binti yake usoni kwa mara ya kwanza.

"Hotelini wanafundisha haya?"

Dada alisogeza kigoda pembeni. "Hakuna hoteli, mama."

"Hakuna hoteli?" Kinyozi alidakia kutoka mlangoni. "Miaka sita naitangaza hoteli hiyo pale dukani! Kuna mtu nimemwahidi chumba!"

"Nyamaza," alisema mama.

"Ni nyumba ya wazee," Dada alisema. "Wasiojiweza. Nawaogesha, nawageuza, nawainua. Nimewainua wengi."

"Hao wazee wana watoto?"

"Wanao."

"Wako mbali?"

"Wengine mtaa wa pili."

Mama alilipima jibu hilo. Dada akaona zamu yake imefika, na hasira yake yote ikamrudia, akamgeukia kinyozi. "Na wewe? Mama kavunjika, na wewe unaniwekea maonyesho kila Jumapili? Ulitaka nijue lini? Siku ya kumzika?"

"Muulize yeye," alisema kinyozi.

"Mimi ndiye niliyekataza," mama alisema. "Nilikuwa naosha zile ngazi za mbele, nikateleza. Nyonga. Wamenilaza hospitali wiki tatu, mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe. Kwangu siwezi tena kupanda, ndiyo nikaletwa huku, na kodi ya kule ndiyo inanilea. Nikamwambia mdogo wako akikwambia, si mwanangu tena. Ungerudi."

"Ningerudi, ndiyo!"

"Haya basi. Ndiyo maana."

Mke wa kinyozi alicheka, kicheko kikavu. Alifungua kitenge kiunoni, akainua blauzi, na wote wakaona mkanda wa mpira aliojifunga mgongoni, mpana, umechakaa kingo. "Kila mtu humu ana lake la kuficha," alisema. "Mama anaficha mguu, mume wangu anaficha mama, wifi anaficha kazi. Na mimi nilikuwa naficha huu. Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Sikukuu iliwakuta hivyo, wanapikia sufuria moja na kuchunguzana. Dada alitoa zawadi, na mama alizigeuza geuza akitafuta bei. Kinyozi alimuuliza mkewe mara tatu kama kweli hakupiga simu, na mara ya tatu akarushiwa mwiko. Mwalimu alikuja kutoa salamu za sikukuu, akasimama mlangoni, akamwona mama kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, wakaamkiana kwa heshima kama watu wawili waliotumia kitanda kimoja bila kukutana.

Asubuhi ya pili baada ya sikukuu Dada alianza kumfundisha wifi yake. Alimfundisha kusimama, mguu mmoja mbele, magoti yalegee, mgongo usifanye kazi ya miguu. Mgonjwa wa kujifunzia alikuwa kinyozi. Alilazwa kitandani, akaambiwa alegee, akalegea kupita kiasi, akaanza kuugulia na kuita maji mpaka mama akamwambia yeye hajawahi kulia hivyo hata siku ya nyonga. Wifi alijifunza haraka. Lakini siku ya tatu aliliweka shuka chini.

"Wifi, nikuulize. Hivi unanifundisha unisaidie, au unanifundisha uniachie?"

Dada aliliokota shuka, akaanza kulikunja.

"Maana kama ni kuniachia, sema. Mimi si mtoto."

"Sijui," alisema Dada, na ndivyo ilivyokuwa.

Usiku huo wote alijigeuza kitandani. Asubuhi, mama alipomaliza chai, Dada alikaa miguuni pake. Kinyozi alikuwa anavaa viatu aende dukani na mkewe anakusanya vikombe.

"Mama, nimeamua. Nitawaandikia barua kule kazini. Sirudi tena."

Wifi aliacha vikombe. Kinyozi alitazama kiatu mkononi mwake, na usoni alikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo kisha akaoneshwa mzigo mwingine; aliijua kodi ya mwalimu, na alijua kwamba bila hela anazotuma Dada, kodi hiyo peke yake haimfikishi mama mwisho wa mwezi.

Mama aliwatazama mmoja mmoja, macho yakiwa makali, kama anayetafuta nani kapanga jambo hili na nani. Kisha akamwita mwanawe wa kiume.

"Wewe. Hilo shuka unalijua?"

"Nalijua, mama. Nimelazwa siku tatu."

"Ukishika shuka, mimi hunishiki. Si ndiyo?"

"Ndiyo. Nashika shuka tu."

"Basi njoo."

"Mama, bado," alisema Dada. "Hajawahi kuinua, amekuwa mgonjwa tu."

"Nimesema aje. Na wewe kaa hapo hapo."

Kinyozi alivua kiatu kimoja alichokuwa amevaa. Alilikunja shuka, akakosea, akalikunja upya, akalipitisha nyuma ya mama akiwa ameangalia ukutani. Aliweka mguu wake wa mbele mkabala na mguu mzima wa mama. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. Mikono yake, ambayo kutwa huinamisha vichwa vya watu bila kuwaumiza, ilitulia yenyewe ilipopata pa kushika.

"Inama mbele, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nusa vidole."

"Hesabu, basi."

"Moja. Mbili."

Mama alinyanyuka. Hakubebwa, alinyanyuka. Mguu mzima ulichukua uzito, mbovu ukagusa sakafu kwa ncha, viganja vyake vikaushika mkono wa mwanawe mpaka kucha zikaingia. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amemwona kwa urefu wake. Wifi alijiziba mdomo kwa kiganja. Mama alitafuta pumzi, akaipata, na juu ya bega la kinyozi akamtazama binti yake, jicho la kwanza tangu afike ambalo halikuwa linamchunguza.

"Umeona?" alisema. "Haya. Sasa unaweza kwenda."

Dada alitaka kumwambia mama kwamba hakuja kuomba ruhusa ya kuondoka, kwamba amewainua mama za watu miaka sita na wake amemwinua mara chache tu tangu afike. Lakini magoti ya mama yalikuwa yameanza kutetemeka, na mtu akitetemeka hivyo hakuna muda wa kulia. Alisimama, akamsogezea mama kiti.